Kata ya Reli isiyo na reli: Mtwara na Mikindani kwa majina ya mitaa yake

#1 Mwana wa Chikongola

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilimpakia mwanangu kwenye pikipiki, tunatoka sokoni kwenda kwa bibi yake. Ana miaka minane, amejua kusoma mwaka huu, na kila kibao lazima akisome kwa sauti. Tulipopita ofisi ya kata akasoma, "Kata ya Reli." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Baba, reli yenyewe iko wapi?" Nikamwambia ilikuwepo zamani. Akauliza, "Ilikwenda wapi?" Hapo nikaishiwa.

Nimezaliwa Ligula, nimekulia Chikongola, nimeoa Chuno. Swali la mtoto limenikalia siku tatu, nikaona nilete hapa tulijibu wote, maana wazee wanaojua wanapungua na sisi tuliobaki tunajua vipande vipande.

Naanza na kipande changu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza haikuwa na mafuta ya kula ya kutosha. Siagi na mafuta vilikuwa vya mgawo. Mwaka 1946 wakaja na wazo la kulima karanga Tanganyika na nchi jirani, kwenye zaidi ya ekari milioni tatu; kwa Tanganyika ni Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Kazi ikaanza 1947. Sasa Nachingwea iko bara huko, karanga zitafikaje melini? Ikatakiwa reli, na reli ikatakiwa iishie kwenye bandari. Wakaanza na Mkwaya, ndani kabisa ya ghuba ya Lindi, lakini pale si mahali pa meli kubwa. Wakatazama ramani zao za bahari, wakaona ghuba ya Mtwara ina kina kirefu hadi karibu na ufuko. Basi. Palipokuwa kijiji cha wavuvi pakapimwa mji, barabara pana zimenyooka kama zimepigwa rula, Shangani ikawa ya wazungu upande wa baharini.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mradi umekufa. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimezama. Walifyeka pori kabla ya kuijua ardhi, walileta mitambo iliyochoka na vita, na mvua haikuwasikiliza. Bandari yetu ya maji marefu ilifunguliwa 1954, yaani miaka mitatu baada ya kufa kile kilichosababisha ijengwe. Reli ikabaki haina mzigo wa kuitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Ninachokiona mimi ni hiki: mji huu ulichorwa na watu wengine kwenye karatasi, kwa shida zao za kwao. Mwenye karatasi akaondoka. Waliofanya pawe mji ni wale waliokuja kubeba, kupika, kufagia na kuvua, wakabaki. Majina ya kata zetu yanasimulia hayo yote, ukiyasoma polepole kama mwanangu.

Naendelea nikipata muda. Anayejua reli ilipita wapi hasa hapa mjini aseme.

#2 Mgeni wa Moshi

Mkuu, mimi si mwenyeji, nililetwa na kazi. Siku ya kwanza nilishuka stendi alfajiri nikaona barabara hizi pana, nyasi pembeni, magari matatu. Nilidhani mji umehamwa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba barabara ziliwatangulia watu. Kwetu ni kinyume: watu kwanza, nyumba hadi barabarani, halafu ndiyo tunagombana na wapimaji. Endelea, niko hapa.

#3 Bint Mikindani

Kaka, shikamoo kwa wazee walioko humu, na wewe nakusalimu kwa heshima, lakini umeanza katikati. Mtwara ni mtoto. Mama ni Mikindani, kilomita kumi na kidogo tu kutoka kwenu, na jina la manispaa yenyewe linasema: Mtwara-Mikindani. Ukikata nusu ya jina umekata nusu ya habari.

Kwetu hakuna aliyetuchorea. Mji ulikuja kwa upepo. Kaskazi inaleta majahazi, kusi inayarudisha, na ghuba yetu imefumbwa kama kiganja, chombo kikiingia ndani hakitikisiki. Ndiyo maana nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zimejibana kandokando ya maji. Chini duka au ghala, juu familia, roshani ya mbao ikitazama barabara ili wanawake waone bila kuonekana. Milango ya nakshi michache imebaki. Mmoja uko jirani na kwetu: fremu imeliwa na mchwa upande wa chini, lakini ua lililochongwa juu bado limekaa sawasawa, na kila Ramadhani mwenye nyumba analipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Nimemwona akifanya hivyo tangu niko mdogo.

Siwezi kuusifu mji wangu nikaficha. Majahazi hayo yalibeba pembe za ndovu na sandarusi, na yalibeba watu. Watumwa waliletwa pwani hii kutoka bara, upande wa Ziwa Nyasa na Ruvuma. Machi 1866 Livingstone alishukia pande hizi kuanza safari yake ya mwisho, na wageni wengi wanakuja kwa sababu yake. Mimi nikiwa nao huwataja waliokuwa naye, Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao aliyetolewa utumwani akiwa kijana mdogo. Livingstone alipofariki 1873, hao wawili na wenzao ndio walioubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo. Ukoo wa watu waliokuwa wakiuzwa ukambeba aliyekuja kuandika habari zao. Hilo mtoto wa shule ya Mikindani alijue kabla ya kujua tarehe ya kuzaliwa ya Livingstone.

Mei 1890 Wajerumani wa kamanda Wissmann wakaikamata Mikindani na Lindi, baada ya pwani nzima kuwa imewainukia. Mwaka 1895 wakajenga Boma pale mlimani, jeupe, unaliona hata ukiwa ndani ya mtumbwi. Waingereza nao walilitumia hadi 1947 walipohamishia ofisi Mtwara, kwenye mambo yenu ya karanga. Boma likaanza kubomoka. Baadaye shirika la hisani kutoka Uingereza likalikarabati likawa hoteli, na vijana wetu wengi wamejifunzia kazi pale.

Kwa hiyo hiyo karatasi yako iliyoleta Mtwara ndiyo iliyotuzimia taa sisi. Wengine mlijengewa, wengine tuliachwa. Wanawake wa kwetu hata hawakuhama. Bamvua likija, maji yakikauka, utawaona wameshatoka na fimbo za chuma wanachokoa pweza kwenye mawe, kanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja anajua shimo lake. Hilo lilikuwepo kabla ya Boma.

#4 Mlindi wa Mitandi

Njomba mleta uzi, na dada wa Mikindani, subirini na Lindi tuseme. Kama kuna mji ulionyang'anywa na karatasi ya karanga ni wetu.

Lindi ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini. Mkuu wa Jimbo alikaa kwetu, mahakama, benki, maduka ya Wahindi ya mtaa mzima, mkonge ukitoka Kikwetu na Mingoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao yakahamia Mtwara. Na kana kwamba hiyo haitoshi, Aprili 1952 kimbunga kikatupiga uso kwa uso. Marehemu bibi yangu hakuwahi kuutaja mwaka huo kwa namba. Alisema "mwaka wa tufani." Aliyezaliwa mwaka mmoja baadaye kwake alikuwa "wa mwaka wa pili wa tufani." Redio zilipotangaza Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, watu Mtwara wakaambiwa wahame maeneo ya bondeni, yeye alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kanga siku mbili kabla. Kikaenda kutua Msumbiji. Hakuzifungua hadi wiki ikaisha.

Mkoa wetu tulirudishiwa 1971, ulipokatwa kutoka Mtwara. Lakini mji ukishapoteza ofisi, vijana wanaondoka. Wamachinga ni watu wa kwetu, kabila la hapa Lindi, na jina lao ndilo analoitwa leo kila anayetembeza bidhaa, Kariakoo hadi Mwanza. Mtu wa Mwanza anaitwa machinga na hajawahi kuiona Lindi hata kwa picha.

Nasi tuna majina ya kusoma. Mtaa wetu wa Wailes: ni ile simu ya upepo ya wakoloni, neno la Kizungu likapita midomoni mwa bibi zetu likatoka hivyo. Temeke nako iko.

Na kingine kinaniuma kila nikikumbuka. Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Ule mzigo, zaidi ya tani 200, haukubebwa na gari wala reli. Ulibebwa na watu wa huku, vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya Maji Maji, nchi ikiwa bado ina njaa na makaburi mapya. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Nenda Lindi uulize vijana kumi. Mimi nimeuliza darasa zima nililokuwa nalifundisha. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo, na nusu yao wanatoka vijiji ambavyo mababu zao walibeba.

#5 Mwana wa Chikongola

Njomba wa Lindi, umenigusa. Kuhusu makao makuu sina ubishi, mlitupatia mji. Dada wa Mikindani nakubali pia, nilianzia kwenye reli kwa sababu ya mtoto.

Nirudi kwenye majina, maana ndiyo niliyoahidi.

Mtwara ina aina kama nne za majina, na kila aina imeletwa na watu wake. Shangani ni jina la pwani, liko na Unguja, liko kwenye midomo ya mabaharia tangu zamani. Reli ni la mkoloni. Majengo, Magomeni, Tandika, Rahaleo ni majina ya watu waliokuja mjini kutafuta maisha, wakabeba majina ya miji mingine ili na wao wajione wako mjini. Lindi pia wana Rahaleo yao. Halafu kuna yale ya chini kabisa, yaliyokuwepo kabla ya ramani: Chikongola, Naliendele, Likombe, Ligula.

Sikilizeni yanavyoanza. Kiswahili kinaposema ki-, Kimakonde kinasema chi-. Na hiyo Na- ya mwanzo, ukiijua unaweza kutembea nayo kusini nzima: Naliendele, Nanguruwe, Nanyamba, Nachingwea. Kabla mgeni hajauliza njia, jina limeshamwambia amefika nchi ya nani. Naliendele leo watu wanaijua kwa kituo cha utafiti wa kilimo, kile kinachotafiti korosho, mbegu zake zinakwenda hadi mikoa ambayo haikuwahi kuota mkorosho. Lakini jina ni la wenyewe.

Jambo la pili ni namna tunavyoitana. Njomba wa Lindi kaniita njomba, na mimi namwita njomba, na hatujawahi kuonana. Mtu wa Dar anadhani ni matamshi yetu tu ya "mjomba" na hucheka. Si matamshi. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wote sisi ukoo tunaufuata kwa mama. Mtoto ni wa kwao mama yake. Mwenye kauli juu ya jando la mtoto, juu ya posa, juu ya shamba la familia, kwa desturi ni kaka yake mama. Kwa hiyo ukimwita mtu usiyemjua "njomba" hujamwita rafiki tu, umempa cheo kikubwa kuliko vyote nyumbani kwako. Nilipooa, baba mkwe alinipokea vizuri, akanipa chai, tukazungumza mpira. Lakini mahari hayakutajwa hadi mjomba wake mke wangu alipofika kutoka Newala, saa kumi jioni, amechafuka vumbi jekundu mpaka kope. Wote tulimsubiri tangu asubuhi.

#6 Mama Wali Wawili

Naomba niseme hapo kwenye jando, maana wanaume mkifika hapo mnaongelea jando mnatuacha.

Mji wa Mtwara mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili hulali. Ni ngoma Vigaeni, ngoma Magomeni, ngoma Chuno. Ni chiputu, yaani unyago, watoto wa kike wanachezwa. Nimewacheza mabinti zangu wawili na sijutii. Mwali anawekwa ndani, nyakanga, mwalimu wa unyago, anamfundisha usafi wake, heshima, namna ya kukaa na watu, anafundishwa kwa nyimbo na kwa mafumbo, na siku ya kutoka amevishwa nguo mpya, amefunikwa mwavuli, mama zake wote wanacheza mbele yake. Wanawake wa ukoo ambao hawajaonana miaka mitano wanaonana siku hiyo. Watoto wa kiume nao wana likumbi lao, jando, huko porini, siku ya kutoka midimu wanacheza na barakoa zao juu ya miti mirefu na watoto wadogo wanakimbia wakilia.

Lakini nitasema na hili, na najua wapo watakaonikasirikia. Kuna wanaowacheza watoto wa miaka saba, minane, kwa sababu tu msimu umeenda vizuri na hela ipo, au kwa sababu jirani kacheza wake. Mtoto wa miaka saba anafundishwa mambo ya mke na mume ya nini? Bibi zetu walisubiri mtoto avunje ungo. Mimi wangu walisubiri, na nikamwambia nyakanga kabla hajaanza: haya utafundisha, haya utaacha, na likizo ikiisha mtoto anarudi shule siku ya kwanza. Nyakanga alinuna. Lakini alifundisha. Mila ni yetu, kuirekebisha pia ni kazi yetu, asije mtu wa mbali na semina akaturekebishia.

#7 Mkulima wa Tandahimba

Mama, umesema kweli tupu. Kuhusu msimu ngoja niwaeleze nyie wa mjini, maana mji wenu unakula huku.

Kwanza juu ya nchi yetu. Sisi tuko uwandani, juu ya Nyanda za Makonde. Ukitoka Mtwara unapanda, unapanda, halafu ni tambarare na mchanga mwekundu, mikorosho hadi macho yanachoka. Mto hakuna. Chemchemi hakuna. Wazee walikaa juu huku pasipo na maji kwa sababu walikuwa wanakimbia kukamatwa. Mateka hawezi kusafirishwa nchi isiyo na maji, na vichaka vilikuwa vizito. Gharama yake waliilipa wanawake, wakishuka bondeni na mitungi usiku wa manane wanarudi jua limepanda. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 na mpaka leo, mtambo ukizima, unaona ndoo zimepangana.

Luagala, hapa hapa Tandahimba, ndipo alipokaa Machemba, Myao. Mwaka 1890 Wajerumani walimtaka aje pwani ajisalimishe. Aliwajibu kwa barua ya Kiswahili, akakataa kuwa mtu wa chini yao. Walipigana naye miaka, hadi 1899 akavuka Ruvuma. Mnaotafuta jina la mtaa mpya huko mjini, hilo hapo.

Korosho sasa. Mreno aliileta pwani karne ya 16, lakini aliyeifanya zao ni mkulima wa huku. Msimu wa 1973/74 nchi ilifikisha tani zipatazo 145,000, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Halafu ikaporomoka. Watu walikusanywa vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki maili kadhaa nyuma, nani ataenda kupalilia? Ubwiriunga nao ukaingia, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua, bei nayo haikumtia mtu moyo. Baba yangu alikata mikorosho kumi na mbili akachoma mkaa. Aliniambia alipokuwa anaikata hakumtazama babu. Tulikuja kujifunza kupuliza salfa, ikafufuka.

Tangu msimu wa 2007/08 tunauza kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo wako AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unapata karatasi, mzigo unaenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana kwenye mnada, na wakulima tukiona bei haifai tunasema hatuuzi. Siku hizi mnada uko kwenye kompyuta, lakini bado tunakaa chini ya mti kusikia bei inasomwa, na ukimya unaokuwepo kabla ya namba kutajwa sijawahi kuusikia hata msikitini. Mwaka 2018 wanunuzi walileta bei ya chini, serikali ikaingilia, ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Bei ilitufurahisha. Kusubiri malipo, wengine walisubiri sana, na wenye kangomba, wanunuzi wa magendo, wakapita usiku na vibakuli vyao wakanunua kwa wenye njaa.

Ukiona Mtwara mjini Novemba watu wananunua bati, magodoro na pikipiki, hiyo ni Tandahimba na Newala imeshuka. Ukiona Aprili duka zima mwenye duka amelala juu ya kaunta, na hiyo pia ni sisi.

#8 Mgeni wa Moshi

Mkulima, asante sana, hii ya baba na mikorosho nimeisoma mara mbili. Swali: na gesi? Nilipokuwa naletwa huku wote tuliambiwa Mtwara itakuwa Dubai.

#9 Mwana wa Chikongola

Nilijua litakuja.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, Msimbati kule, ng'ambo kidogo ya hapa. Miaka ya 2011, 2012 ikawa ndiyo hadithi. Ukutani, kwenye fulana, kwenye daladala: "Mtwara kuchele." Kuchele ni Kimakonde, kumekucha. Viwanja Mtwara vikapanda bei hadi wenyeji wakauza mashamba ya bibi zao. Halafu ikajulikana kwamba bomba linajengwa kupeleka gesi Dar. 2013, Januari na tena Mei, watu waliandamana, "gesi haitoki," ikawa vurugu, nyumba na ofisi zikachomwa, watu walikufa, askari wakajaa mitaani. Mei ile sisi Chikongola tulilala sakafuni siku tatu. Mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Gesi inasafishwa Madimba na inakwenda. Kiwanda cha saruji cha Dangote kipo, kimeajiri. Umeme wetu unatokana na gesi hiyo. Sisemi hakuna kitu. Nasema vijana waliopiga kelele 2013 hawakuwa wajinga kama walivyoandikwa. Walikuwa wajukuu wa watu walioona reli ikija na reli ikiondoka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Walikuwa wanauliza swali la mwanangu, ila kabla chuma hakijang'olewa.

Sasa wanasema itajengwa reli mpya, Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga kwenye makaa na chuma. Ikija nitaipanda.

#10 Bint Mikindani

Kaka, hujajibu, umemwambia nini mtoto?

#11 Mwana wa Chikongola

Dada, nimemjibu jana, ndiyo maana nimechelewa kurudi humu.

Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na kengele ya kipande cha reli, kama mkono mmoja na nusu urefu, kimening'inizwa kwenye mwembe kwa waya. Kiranja wa zamu alikigonga kwa nondo. Sauti yake ilisikika hadi Vigaeni, ikawa saa ya mtaa mzima. Mama alipika chai kwa kengele ya saa nne. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza chuma kile kilitoka wapi.

Nikampeleka mwanangu. Jumamosi, shule imefungwa, mlinzi ni mzee wa Kimakua, akatufungulia tulipomweleza. Mwembe upo. Kipande kipo, kimeliwa katikati kwa kugongwa, pale nondo inapopiga pamekuwa na shimo laini kama kijiko. Nikamwinua mtoto begani akakishika. Akaniambia, "Baba, kuna maandishi." Kweli, ubavuni kuna herufi zilizotokeza, kutu imezifunika. Tukasugua kwa mchanga na jani la mwembe. Tulichoweza kusoma ni tarakimu moja tu, 4, na inayofuata imekwisha.

Akaniomba akigonge. Mlinzi akasema gonga, leo hakuna darasa. Akagonga mara moja, na kwenye nyumba za ng'ambo ya uwanja nikamwona mama mmoja ametoka mlangoni, ameshika mwiko, anatazama jua.